Beji ya Bega la Kulia

Baba yangu alifanya kazi jeshini miaka thelathini na minane na hakuwahi kushika bunduki. Alishika mkasi, chaki na futi ya kupimia. Ukiwauliza wenzake kuhusu askari fulani, walikutajia cheo na nishani. Ukimuuliza baba, alikutajia kifua, kiuno na urefu wa mkono, kisha akaongeza, "Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo. Mtu mzuri sana." Kwake hizo zilikuwa habari zenye uzito mmoja.

Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa bohari, hatua ishirini kutoka lango kuu la kambi. Mlango wa kijani, dirisha moja la nondo, meza ndefu yenye makovu ya mkasi, cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, pasi ya mkaa, na ukuta mzima uliotundikwa vipande vya karatasi ngumu alivyokatia sare. Nilikulia chini ya meza ile. Nikitoka shule nilimpelekea chakula, nikabaki kuokota pini sakafuni kwa sumaku mpaka tarumbeta ya jioni ilipolia na bendera kushushwa. Hapo baba alisimama wima, sindano mdomoni, peke yake, ndani ya chumba ambamo hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Nilikuwa namcheka. Leo nina duka langu la ushonaji, wateja wanasema ulimi wangu una makali kuliko mkasi, na kila jioni ikifika saa ile natamani nimwone tena amesimama vile.

Alitaka kuwa askari. Bendera ya nchi ilipobadilika, jeshi la zamani, lililokuwa na maofisa wageni na askari wenyeji, lilivunjwa, ikatangazwa kwamba taifa litaunda jeshi lake lenyewe. Vijana wakafurika: wakulima, makarani, wafyatua matofali, na wakongwe wachache wa jeshi la zamani waliokuja kufundisha kwata. Kifua kilitakiwa kisipungue inchi thelathini na tatu. Cha baba kilikuwa thelathini na moja. Daktari alimpima mara mbili, mara ya pili kwa huruma tu, kisha akamwonyesha mlango. Alikuwa ameshafika nje, anajikaza asilie, ndipo mkuu wa bohari alipomshika kola na kumuuliza shati lile kashonewa na nani. Akajibu kajishonea mwenyewe.

"Basi huendi popote," mkuu wa bohari akasema. "Nina makuruta mia na ishirini humu ndani, na sare zote zimekatwa kama za majitu."

Baba akaingia jeshini hivyo, akiwa raia, kwanza kibarua tu, na baada ya miezi miwili akaandikiwa ajira. Aliwapima wote mia na ishirini, kombania ya kwanza ya kikosi, akawaandika katika daftari lenye jalada jeusi: namba, kifua, kiuno, mguu. Aliambiwa aandike namba zao ndani ya kola kwa wino. Akaona wino utafutika baada ya kufuliwa mara tatu, akazishona kwa uzi, moja baada ya nyingine, bila kumwambia mtu. Ukurasa wa mwisho wa daftari una mstari mmoja usio wa mkono wake, herufi zimelala kama zimelewa: "121. Kifua 33. Shingo ya kuku." Siku moja ya mvua makuruta walimkamata, wakampima kwa futi yake mwenyewe, mbavu hawana kwa kucheka.

"Hata kusoma futi walikuwa hawajui," baba alikuwa akiniambia. "Thelathini na tatu imetoka wapi?"

Mimi jeshi nililijua kwa majora ya kitambaa. "Jora moja linavisha seksheni, watu kumi," alinifundisha. "Seksheni tatu ni platuni, majora matatu. Platuni tatu zinafanya kombania, halafu uongeze majora mengine matatu ya mkuu wao, makarani, wapishi na madereva. Kombania nne ndiyo kikosi, na hapo, mwanangu, mgongo unauma." Brigedi aliisikia tu kwa watu. Habari za vyeo zilimfikia yeye kabla ya kumfikia mwenye cheo, maana tepe na nyota zililetwa chumbani kwake siku moja kabla. Kuna watu walikuwa wanapitapita pale mlangoni kama paka jikoni, wanauliza habari za hali ya hewa. Baba hakufungua mdomo hata mara moja. Miaka ikapita, kaptula za khaki zikawa suruali, suruali zikawa kombati za madoadoa. Wanawake walipoanza kuandikishwa, alimwita mama aje ashike futi, yeye akageukia ukutani na kuandika vipimo alivyotajiwa, masikio yanamwaka.

Sasa nieleze habari ya beji, maana maisha ya baba yote yalizungukia hapo.

Siku moja kabla ya gwaride la kwanza, beji za kikosi zilifika: ngao nyekundu yenye nyota, ya kushonwa begani. Mkuu wa bohari alimwandikia baba kikaratasi: beji zishonwe bega la kushoto kabla ya gwaride la kesho. Baba akawapanga makuruta, wakawa wanasimama mbele yake mmoja mmoja, naye anatia alama ya chaki begani, upande wa kushoto. Kushoto kwake yeye. Fundi yeyote anayepima mtu uso kwa uso atamwelewa, na fundi yeyote mwenye akili atamcheka. Alishona beji mia na ishirini, zote bega la kulia, na hakugundua mpaka asubuhi, kombania ilipokuwa imeshapangwa uwanjani na gari la mkuu wa majeshi linaingia langoni.

Alijificha nyuma ya mlango wa bohari, sindano mkononi, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Aliona kwa mbali mkuu wa majeshi anasimama mwisho wa mstari wa mbele, anauliza kitu, anajibiwa, anatikisa kichwa, anaendelea. Baada ya wiki ikaja amri iliyopigwa chapa: kombania ya kwanza itavaa beji bega la kulia, kombania nyingine bega la kushoto. Baba hakujua kimetokea nini na hakuthubutu kuuliza. Kile kikaratasi cha mkuu wa bohari akakificha ndani ya jalada la daftari, na kwa muda wa miaka hamsini akaishi na hofu kwamba siku moja mtu atakuja kukidai. Mama alikuwa anajua. Mimi nilijua nilipokuwa mkubwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba anajitesa bure, hakunisikiliza.

Kombania ya kwanza ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka siku ya kikosi, wale mia na ishirini wa mwanzo waliitwa kwa namba. Aliye hai alijibu "Nipo." Aliyefariki alijibiwa na mwenzake, "Amepumzika." Na sharti lilikuwa moja: wa kuita na wa kujibu lazima wawe watu waliokuwepo gwaride la kwanza, kwa sababu humpumzishi mtu usiyemjua. Aliyeita siku zote alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Uzi. Alipokuja jeshini alikuwa mwembamba hivyo. Alipostaafu na cheo cha sajenti alikuwa na tumbo lililompa baba kazi ya kupanua mishono kila mwaka, na baba hakuacha kumwambia kwamba uzi umekuwa kamba. Ana sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Alikuwa akiita mpaka namba ya mia na ishirini, kisha anakaa kimya kitambo, kama muda wa kuita namba moja zaidi, ndipo anakunja karatasi. Tulijua kile kimya ni heshima kwa marehemu.

Baba alihudhuria kila mwaka, nyuma ya kamba, pamoja na wageni. Nilipokuwa nimekaa naye nilimsikia akinong'ona kila namba ilipoitwa. "Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na nane." Miaka ya kwanza uwanja mzima ulikuwa Nipo, Nipo, Nipo. Halafu Amepumzika zikaanza kuingia, moja moja, halafu mfululizo. Mwaka wa arobaini na tisa walibaki Uzi na mwenzake mmoja, mpishi wa zamani. Miezi michache baadaye mpishi naye akafariki.

Mwaka wa hamsini ulipokaribia, alikuja nyumbani kapteni mmoja, mwanamke kijana, anayeandika kitabu cha historia ya kikosi. Baba alikuwa amestaafu zamani, macho hayaoni tundu la sindano, anakaa barazani na kupapasa vitambaa vya wateja wangu akivitoa kasoro.

"Shikamoo, mzee," kapteni akasema.

"Marahaba, afande," baba akajibu, akasimama wima. Heshima zao zikagongana, wote wakacheka.

Kapteni akaeleza shida yake. Sajenti Uzi amebaki peke yake. Hawezi kuita na kujijibu. Wakuu wameona desturi ifungwe, karatasi ya namba iwekwe kwenye kabati la kioo pale ukumbini. "Ila Sajenti anasema wewe ulikuwepo siku ile. Mimi nimepekua mafaili, mzee. Ajira yako imeandikwa baada ya gwaride. Una kitu chochote cha kuonyesha? Barua, picha?"

Baba akatazama mlango wa chumbani kwake.

"Kama kipo, utajibu wewe," kapteni akasema. "Utasimama uwanjani na Sajenti. Kama hakipo, basi, ndiyo mwisho wake." Kisha, kwa kutaka kumchangamsha, akamsomea kipande cha kitabu: jinsi waasisi wa kikosi walivyochagua bega la kulia kwa makusudi, kwa kuwa kulia ni mkono wa kiapo na upande wa kombania ya kwanza katika gwaride. Jasho likamtoka baba kwenye paji la uso.

"Sina kitu, afande," akasema.

Kapteni alipoondoka nilimvaa. Nakiri sikumheshimu siku ile. "Baba, kikaratasi kiko ndani ya daftari, na daftari liko chini ya mto wako. Miaka hamsini umekaa nyuma ya kamba unanong'ona. Leo umefunguliwa mlango, unasema huna kitu?"

"Kinasema kushoto," akasema.

"Najua kinasema kushoto."

"Watu wamezikwa na ile beji, mama. Wengine wamekufa vitani imewaganda begani. Watoto wao wanaamini ni kiapo. Mimi niende nikawaambie ni ujinga wa fundi?"

"Na usipokwenda, nani atawajibia? Watatiwa kabatini pamoja na karatasi yao."

Sikutegemea kwamba nitalia, nikalia. Baba hakunibembeleza. Alikwenda ndani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Asubuhi nilimkuta amevaa shati jeupe, daftari kwapani, anauliza kama nitampeleka au aende mwenyewe.

Tukakaa ofisini kwa mkuu wa kikosi: yeye nyuma ya meza, kapteni na kalamu yake, Uzi aliyeitwa awe shahidi, kiti kinamlilia chini. Baba alikataa kukaa. Akatoa kikaratasi, cha manjano, kimechanika kwenye mikunjo, akakiweka mezani.

"Hiki kinaonyesha nilikuwepo," akasema. "Ila mkisome chote."

Mkuu wa kikosi akasoma. Akakisoma tena. "Mbona kinasema kushoto?"

"Nilikosea, afande. Askari walisimama mbele yangu, nikatia chaki kushoto kwangu, siyo kushoto kwao. Mia na ishirini. Hakuna kiapo. Kitabu cha afande kapteni kimeandikwa vizuri, lakini hakuna kiapo. Ni mimi. Mkiona sistahili kusimama na wale watu, nitaelewa."

Nilimwangalia Uzi, nikaona amefunika uso kwa kiganja, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Fundi," akasema alipoweza kupumua, "unafikiri sisi tulikuwa hatujui bega letu la kushoto liko wapi?"

Baba akamkodolea macho.

"Tuliona tulipovaa tu. Sajinimeja naye akaona. Akasema, mkuu wa majeshi akishaondoka, huyu fundi namtoa langoni kwa mateke. Na mimi ndiye niliyekuwa mwisho wa mstari. Mkuu wa majeshi akanisimamia, akaniuliza, kuruta, mbona beji iko kulia? Nikamwambia, sisi ndio kombania ya kwanza, afande, tunasimama kulia mwa gwaride, beji inasimama pamoja nasi. Akasema vizuri sana, iwe hivyo. Sajinimeja angefanya nini tena? Usiku ule tukaapa wote, fundi asijue kama tunajua."

"Kwa nini?" baba akauliza.

"Kwa sababu ungeacha kazi kwa aibu, wewe nakujua." Uzi akaacha kucheka. "Na kwa sababu mimi mpaka siku ile nilikuwa sijavaa nguo iliyonitosha. Tangu nizaliwe. Zote zilikuwa za kaka zangu. Wewe ukanishonea sare yangu, ukaishonea na namba yangu kwa uzi. Halafu nikuache ufukuzwe kwa ajili ya beji?"

Baba akatafuta kiti kwa mkono, nikamsogezea. Kapteni alikuwa ameacha kuandika. Alimuuliza mkuu wa kikosi ukurasa ule wa kiapo aufanyeje.

"Uandike upya," mkuu akasema. "Kiapo kilikuwepo. Mlikosea tu nani aliapa na kwa ajili ya nani." Kisha akasimama, akamwambia baba kwamba siku ya kikosi atasimama uwanjani, ndani ya kamba.

Nilimshonea koti jipya la kijivu. Nilimpima mwenyewe, na tangu akiwa kijana kifua hakikuwa kimeongezeka hata nywele: inchi thelathini na moja. Uzi akaleta beji. Nilipomuuliza baba niishone bega gani, aliniangalia mpaka nikaona haya.

Siku ile uwanja ulijaa. Vijana wa kombania ya kwanza walisimama kulia, beji zao bega la kulia, na mbele yao wazee wawili wamekabiliana, mmoja mnene, mmoja kama fimbo. Uzi akaanza kuita. "Moja." Baba akajibu, "Amepumzika." "Mbili." "Amepumzika." Hakuwa na karatasi, hakuhitaji. Nilikuwa karibu, niliona midomo yake ikicheza baada ya kila jibu, nikajua anawataja vifua na viuno chini kwa chini, anawavalisha mara ya mwisho. Alipofika kwa mpishi alisita, akaendelea. Namba ya Uzi ilikuwa themanini na saba. Uzi akajiita, akajijibu "Nipo" kwa ile sauti yake ya mtoni, vijana wakashindwa kuzuia tabasamu.

"Mia na ishirini."

"Amepumzika."

Kikaja kile kimya tulichokizoea. Nilimsubiri Uzi akunje karatasi. Hakuikunja. Akaisogeza karibu na macho, na pale nilipokuwa nimekaa niliweza kuona chini ya orodha iliyopigwa chapa kuna mstari wa penseli, umefifia, herufi zimelala kama zimelewa.

"Mia na ishirini na moja."

Wageni wakatazamana. Baba naye akageuza shingo, anamtafuta mwenye namba, midomo inafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Nikaona anafika ukurasa wa mwisho. Mikono ikamshuka kwenye mshono wa suruali.

"Fundi," Uzi akasema taratibu, "nakuita mwaka wa hamsini huu."

Baba akavuta pumzi, akaivuta mpaka ikamjaa. "Nipo, afande," akajibu, na kifungo cha kati cha koti nililomshonea kikakatika, kikaangukia kwenye kokoto za uwanja.

Nilikiokota gwaride lilipovunjwa. Nilikuwa na uzi na sindano mkobani, nikamwomba avue koti nimrudishie palepale. Akakataa, akashika ile nafasi ya kifungo kwa vidole viwili.

"Ulipima vibaya," akaniambia. "Mimi nina thelathini na tatu."